Mlinzi wa Sauti ya Baba

Kaka yangu anaandika programu, na ukikaa naye dakika moja utaarifiwa. Si programu kama za wenzake. Yeye anashughulika na kiini, ile sehemu ya ndani kabisa ya kompyuta inayoamua nani aguse nini. Analitamka neno hilo kama mtu anayetaja ukoo wake.

Baba alipofariki alituachia sauti yake kwenye kompyuta ya sebuleni: anasimulia, anamtania Mama, anakohoa. Siku moja mume wangu alizinakili rekodi hizo kwenye folda nyingine, akafuta za mwanzo, na tarehe zake zikawa za siku ile. Kaka akawaka. Alimwita shemeji yake mharibifu mbele ya watoto, akazirudisha tarehe, kisha akajifungia kutengeneza mlinzi ndani ya kiini: yeyote atakayetaka kubadili tarehe ya faili, au ruhusa ya kuifungua, akataliwe, hata awe na mamlaka yote ya mashine.

Bingwa wetu alianza kwa kuondoa ruhusa ya kila mtu, akiwemo yeye, ati tusimvuruge. Ndipo akamwasha mlinzi. Alipotaka kurudisha ruhusa, mlinzi akamkatalia kama alivyofundishwa, na rekodi zikabaki zimefungwa kwetu sote. Nilicheka mpaka nikamkumbuka Mama.

Masikio ya Mama yalikuwa yanakwenda. Daktari alishatuambia tusitegemee yarudi, na Mama alikuwa na ombi moja tu, amsikie mumewe angali anasikia. Fundi wa mtaani aliniambia tuiwashe mashine kwa kiini cha zamani, kisicho na mlinzi, basi. Ila nywila alikuwa nayo Kaka. Nikamfuata.

"Nimzunguke mlinzi wangu mwenyewe?" akasema. "Hiyo ni kazi ya wababaishaji. Nitamrekebisha."

Nilimwomba, mume wangu akamwomba, hata Mama akamwomba. Kila tukiuliza, alikuwa amebakiza kidogo. Namdharau kwa hilo, wala sifichi.

Hatimaye akatuita sebuleni, kifua mbele. Sauti ya Baba ikajaa chumba, inamtania Mama kuhusu chumvi. Kaka alikuwa ananionyesha kwa kidole kwamba hakuna tarehe hata moja iliyoguswa. Mama alikaa karibu kabisa na spika, mikono mapajani, akisubiri kwa adabu. Mwishowe akanigeukia.

"Bado hamjawasha?"