Mwisho wa Dunia na Salfa ya Mikorosho

Jamani, aibu hii naisimulia mwenyewe kwa kuwa Newala nzima wanaijua, na afadhali mwisikie kwangu kuliko kwa Mama Upendo, maana yeye huigiza mpaka nilivyokimbia.

Mimi ni mwalimu wa kanisa, na mwezi ule wa sita nilipewa darasa la unabii, Danieli na Yoeli, na kama mjuavyo Danieli aliona wanyama wenye pembe, na mtu mwenye domo kama langu akionyeshwa pembe lazima azihesabu. Siku moja nilipoona watu wanasinzia, nikaropoka tu (hakuna aliyeniuliza) kwamba kwa hesabu yangu korosho za msimu huu hazitavunwa, Bwana atakuwa amesharudi. Loo, usingizi ulikatika! Mama Upendo, mjane ambaye mikorosho yake ndiyo inayomsomesha Upendo huko Lulindi, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, kwa hiyo salfa tusipulizie?"

Hapo ndipo nilipopaswa kusema natania. Badala yake nikakohoa, nikajibu, "Kila mtu na imani yake, mama."

Kumbe imani yake ilikuwa kubwa. Salfa, ile dawa ya unga wa manjano, akaiacha ndani, wenzake wakamwiga, na huku maua yamechanua na ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, unanyemelea, na ubwiri ukishika maua, korosho huzioni. Imani yangu mimi ilikodi mashine ya kupulizia. Nikatangaza kwamba Jumamosi alfajiri nitakuwa shambani peke yangu, nafunga na kuomba, nisisumbuliwe (salfa hupuliziwa alfajiri, umande ungali kwenye majani na upepo umetulia).

Sasa kwetu mtu akitangaza anafunga peke yake, akina mama hawamwachi peke yake. Walikuja kuniunga mkono na sare zao nyeupe, wanaimba, nami mashine inanguruma mgongoni, kitambaa puani, sisikii kitu, nikamaliza mkorosho wa mpakani, nikageuka, na bomba likageuka nami. Wingu la manjano likawafunika wote. Nilipozima mashine wamekuwa manjano kuanzia vilemba hadi ndala, wanapiga chafya.

"Shikamoo, Mwalimu," akasema Mama Upendo (mimi umri wangu ni wa mwanawe, nikajua nimekwisha). "Kumbe kile kiberiti cha siku ya mwisho kinaanza na sisi wa kanisani?"

Nilitoka mbio, mtu mzima na mashine mgongoni, mpaka kwa padri wetu, ambaye aliniangalia akanikalisha nje, nami nikamweleza yote.

"Yoeli aliwaona nzige wakimaliza mashamba," akasema, "akawaita watu wamrudie Mungu, na Mungu akaahidi kuwarudishia kilicholiwa. Wewe umeyasoma hayo yote, ukaamua kuwa nzige."

Niliumia, kwa sababu ni kweli. Kesho yake alfajiri nilikuwa shambani kwa Mama Upendo, na maua ya kwanza yalikuwa yameshakauka. Nilitaka kulia. Nikapulizia yaliyobaki, mkorosho mmoja baada ya mwingine, naye amesimama pembeni mikono kiunoni.

"Na ule wa kule, Mwalimu. Bwana hajafika bado."

Alivuna kidogo kuliko mwaka uliotangulia, ila Upendo yuko shule. Mimi nafundisha Danieli hadi leo, sihesabu pembe hata moja, na mtu akiniuliza siku ya mwisho namwambia Bwana mwenyewe alisema hakuna aijuaye, kisha namwuliza kama ameshapulizia.