Surabaya, Mbele Kidogo ya Katy

Juzi, katika kuzurura kwangu, nilifika Surabaya, bandari ya Wajava. Nilipita kichochoro cha Waarabu wauza tende, na kabla pua haijasahau nikawa kwa Wachina wanaofukiza udi. Mji huo nilishasimuliwa utotoni, tulipokuwa tukiishi Houston.

Mama hakuwa na mtu wa kuzungumza naye pale, na alishamwambia baba kwamba anarudi Unguja. Alasiri moja alikuwa akikaanga kaimati, harufu ya karafuu ikaingia dirishani. Akazima jiko.

"Mpemba huyo! Nani mwengine atachoma karafuu?"

Akavaa buibui, akatia kaimati sahanini, akanivuta hadi kwa jirani. Alifungua mzee mwembamba mwenye sigara, na sigara ndiyo iliyonukia karafuu.

"Assalamu alaykum! Kumbe tupo wawili!" mama akasema.

Mzee akaitikia salamu, kisha akaendelea kwa Kiingereza.

"Anasemaje?" mama akaniuliza.

"Kwao Surabaya. Kuna Wajava, Waarabu, Wachina, Wamadura, mtaa kwa mtaa."

"Kama Mjini kwetu! Muulize, ni wapi huko?"

Mzee akaelekeza kidole magharibi, inakokwenda barabara ya Katy, mji mdogo wa jirani. Sikujua kwamba alivuka bahari nzima kwa kidole kile.

"Si mbali, mama. Tukishapita Katy tu."

Baba aliporudi kazini, akamuuliza mama taratibu kama akate tiketi.

"Ngoja kwanza," mama akamjibu, akipakua chakula. "Jumamosi utupeleke Surabaya."