Shemeji Ana Jiko Lake

Fundi mkuu wa umeme wa kiwanda chetu cha sabuni hagusi mashine kabla ya kuibishia hodi. Huigonga kwa kifundo cha kidole, hutega sikio, kisha huiita kwa udugu: pampu ni wifi, matangi ya kuchemshia ni mapacha, na mashine ya kufungasha ni shemeji, kwa kuwa ina makelele na haikawii kununa. Wiki nzima meneja alimkaba koo: tununue kompyuta ndogondogo, kila mashine na yake, au mfumo mmoja wa kuongoza kiwanda kizima? Kompyuta ya zamani ilikuwa imeanza kuganda, na ikiganda yenyewe, sabuni nayo huganda kwenye mabomba, tukaitoa kwa patasi. Yeye hata hakufungua makabrasha ya wauzaji. Alifunga tangi moja; pacha wake akaanza kufurika, pampu ikakohoa.

"Hawa wanakula sahani moja," akasema. "Wape mfumo mmoja." Akalifungua tangi, akamzima shemeji. Matangi yakaendelea kutokota bila habari. "Huyu ana jiko lake. Mpe kompyuta yake, na waya mmoja tu wa kupeleka habari nyumbani."

Hapo simu yake ikaita. Mama mkwe, anauliza leo wanapika nini.

"Na wewe, fundi," meneja akatabasamu, "una jiko lako?"

Akacheka mpaka miwani ikamteleza puani. "Ninalo, bosi. Ila huo waya mmoja, haukosi kuita!"