Mchezo Wangu na Mjane

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa mpiga taipu katika ofisi moja mjini Nairobi. Mwenzangu wa ofisini alinifundisha sataranji saa za chakula cha mchana, na Jumamosi moja nikajitosa kwenye mashindano ya wanawake, katika ukumbi mmoja mtaani Woodley. Wengi wetu tulikuwa makarani, walimu na wauguzi. Kila mchezaji alipewa nusu saa tu kwa mchezo mzima, na saa ya nyuso mbili ilikaa kando ya ubao ikila dakika zetu.

Mchezo wa mwisho nilipangiwa mwalimu kutoka Kangemi, mwenye kitambaa cheusi kichwani. Alikuwa amemzika mumewe juzi tu, kwao magharibi. Nilimpa pole. Akaitikia kwa kichwa, akabonyeza saa.

Tulikuwa katikati ya mchezo mwanamume mmoja alipoingia, kofia mkononi, akamwinamia.

"Shemeji, wazee wamefika nyumbani, wanakungoja. Na mjane hakai michezoni."

"Waambie nakuja," alijibu bila kuinua macho. "Nikimaliza."

"Unamaliza nini? Hivi si vijiti tu?"

Mwalimu alisogeza farasi wake. Shemeji akabaki amesimama nyuma ya kiti, akipumua kwa nguvu.

Mimi nilikuwa mbele kwa ngome moja. Nikamnong'oneza, "Dada, tukubali sare, uende."

Ndipo aliponitazama usoni. "Tangu msiba kila mtu ananihurumia. Wewe cheza."

Basi nikacheza. Nilimla askari mmoja, kisha mwingine, naye akapigania kila mraba, mpaka akabaki na mfalme na farasi tu. Aliutazama ubao kwa muda, akitafuta njia. Haikuwapo. Akamlaza mfalme wake taratibu, akanipa mkono. Ulikuwa baridi.

"Asante," alisema. Akachukua mkoba, akatangulia kutoka, shemeji nyuma yake.

Nilipigiwa makofi, nikapewa kikombe kidogo cha bati. Nilitamani kuketi peke yangu.

Sikumwona tena mashindanoni. Mwaka uliofuata, mwalimu mwenzake aliniambia kwamba wazee walitaka arithiwe na yule shemeji. Alikataa. Wakachukua vitanda, redio na baiskeli ya marehemu. Yeye akabaki Kangemi na wanawe, katika chumba kimoja, akaendelea kufundisha.