Kiyoyozi na Vumbi la Ng'ombe

Mimi ni dereva, tena dereva mwenye maringo. Mtu akijaribu kunifundisha gari, napandwa na hasira kabla hajafika katikati ya maneno yake. Kwa hiyo nikisema kwamba aliyenifundisha kutumia kiyoyozi ni bibi mmoja wa kijijini, jirani na Tinde, ambaye hajawahi kushika hata usukani wa baiskeli, ujue sisemi kwa kupenda.

Lilikuwa gari-nyumba la tajiri yangu, mama mfanyabiashara wa Shinyanga mjini. Ndani lina kitanda, jiko na choo, na juu ya paa kiyoyozi. Alilinunua mtumba kwa ajili ya baba yake. Mzee alichimba dhahabu Geita miaka mingi, na vumbi la mashimoni likamharibia mapafu. Joto likizidi au vumbi likitimka, anakohoa mpaka unatamani umvutie pumzi wewe. Naye alikuwa anataka jambo moja tu: aende kwao akaone ng'ombe wake wakirudi zizini. Alikuwa hajawaona miaka minne.

Tajiri akanikabidhi mzee na funguo. Masharti ya kile kiyoyozi niliyajua yote. Unawasha jenereta kwanza, unaiacha itulie, ndipo unawasha baridi. Huchanganyi na birika la umeme, jenereta itazima. Unafunga madirisha, unashusha mapazia upande wa jua. Nililosahau ni mlango.

Tulifika asubuhi, ukoo mzima ukajaa. Sasa kwetu huku, mgeni akiwapo mchana, mlango haufungwi. Ukiufunga watu wataulizana: kuna nini humo, wanakula nini kwa siri? Nimelelewa hivyo hivyo, nikauacha wazi. Watu wakaingia, shikamoo, marahaba, mkono kwa mkono, mwingine anakaa hadi kitandani. Kufika saa saba kiyoyozi kinanguruma bure na ndani ni joto kama nje. Nikashusha mpaka nyuzi kumi na sita. Wapi! Nikafungua kifuniko chake darini: chujio limeziba vumbi, na nyuma yake barafu imeganda. Mzee akaanza kukohoa.

Nikafoka. Nikasema mashine mbovu, waliotuuzia ni matapeli, na sisi tunageuza sasa hivi kurudi mjini. Mzee aligeukia ukutani akajifunika shuka usoni, na mpaka leo nikikumbuka inaniuma.

Dada yake mkubwa, ndiye bibi niliyemtaja, alikuwa amekaa karibu naye. Akaniuliza taratibu, "Baba, hii baridi inatoka wapi?" Nikamwonyesha juu. "Na inakwenda wapi?"

Nilitaka kucheka. Akanyoosha kidole mlangoni. "Unaacha zizi wazi, halafu unalalamika ng'ombe hawapo. Tukusaidieje?"

Loh! Nilitamani ardhi ipasuke. Nikazima baridi, nikaacha feni peke yake iyeyushe barafu, nikaenda kukung'uta chujio. Niliporudi bibi yule amesimama mlangoni na fimbo yake. Wanaingia wawili wawili, wakiingia mlango unafungwa, na salamu za wengine anazipokea yeye hapo nje kwa niaba ya kaka yake. Shemeji mmoja akanung'unika kwamba mlango wa kufunga ni wa mchoyo.

"Mchoyo ni wewe," bibi akamwambia, "unayetaka kaka yangu afe ili usalimiwe vizuri."

Shemeji akanywea. Baada ya saa moja ndani palikuwa na baridi safi, mzee akaacha kukohoa, akaomba uji. Mimi nilimwangalia yule bibi nikasema kimoyomoyo, huyu angekuwa mjini angekuwa bosi wangu.

Ikabaki habari ya ng'ombe. Nikamshauri bibi kwamba mzee awaangalie kupitia kioo, maana kundi likija, vumbi lake si mchezo.

"Hataki kuwatazama tu," akasema. "Anataka kuwasikia. Anataka kuwanusa."

Akawaita wanawake wa kaya ile. Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua bado, na kisima kilikuwa mbali, kimebaki maji ya kukwangua. Wakatoka na ndoo na madumu. Waliporudi, maji yote wakayamwaga chini, kutoka lango la zizi mpaka kwenye njia ya malisho, wakirudi nyuma hatua kwa hatua, udongo ukilowa. Nikauliza, na ya kupikia je?

"Leo tutakula viazi vya kuchoma," bibi akasema. "Zima mdude wako."

Nikazima kiyoyozi, kisha jenereta. Nikafungua mlango, nikamkalisha mzee kizingitini, mgongo wake kifuani kwangu. Kengele zikasikika kwanza. Halafu wakaja, kundi zima, wakikanyaga udongo uliolowa, na vumbi halikuinuka. Mzee akawaita mmoja mmoja kwa rangi zao, mwekundu, wa madoa, mweusi mwenye paji jeupe, sauti yake ikizidi kupanda. Hakukohoa hata mara moja.

Bibi akanigusa bega. "Wabeja, baba," akasema. Ananishukuru mimi!

Nilimwachia yeye amshike kaka yake, nikaokota ndoo mbili tupu, nikauliza njia ya kisimani.