Siku Niliyojipa Mtoto wa Kingazija Dirishani

Mwaka sabini na nne, nikiwa na miaka kumi na mmoja, baba alifariki kwetu Newala nikaacha shule darasa la tatu, nikaja Dar kubeba mizigo Kariakoo, na tangu hapo nimefukuzwa, nimeibiwa, nimelala chini ya meza za watu, lakini aibu iliyonipata majuzi kwenye ofisi ya kodi, mbele ya watu wanaoniita Mzee Nampoto kwa heshima, sijawahi kuionja, na bora niwasimulie mwenyewe kabla hamjaisikia Msimbazi ikiwa imetiwa chumvi.

Mimi nauza vitenge, na wateja wangu wakubwa siku hizi ni Wakongo na Wangazija, watu wa Kifaransa, nami Kifaransa sikijui hata cha kuombea maji. Ndipo nikampata Moinaecha, binti wa Kingazija anayesoma chuo hapa mjini, kapanga chumba kwa jirani yangu Mchafukoge, mpole, lakini akishika simu mteja ananunua robota zima bila kukanyaga Kariakoo. Nikamwambia njoo Jumamosi na Jumapili, nitakulipa. Akasema, "Sawa baba, ila mimi ni mwanafunzi mgeni, lazima nipate kwanza kibali cha kufanya kazi, halafu namba ya mlipa kodi. Nikikamatwa sina, narudishwa kwetu na masomo ndiyo basi." Nikamjibu hayo niachie mimi. (Nikisema niachie mimi, mke wangu huwa anaanza kusali.)

Kibali akakihangaikia mwenyewe na watu wa chuo chake, mimi wala sikuuliza. Siku ya kwenda kuchukua namba akaniomba nimsindikize, wakitaka kumwona mwajiri niwepo. Nikavaa koti la harusi za watu, na njiani nikampa maagizo: "Tukifika wewe nyamaza, watu wa madirishani nawajua tangu hujazaliwa."

Sasa sisi Kariakoo tuna desturi. Mtu ukimpeleka mahali humtambulishi kama mfanyakazi, atazungushwa. Unasema huyu mwanangu, na mambo yanakwenda. Nimewapitisha wengi hivyo kwa wauza jumla na wenye nyumba, hakuna aliyewahi kuuliza zaidi. Kwa hiyo yule dada wa dirishani aliponiamkia na kuuliza anisaidie nini, nikasema huyu mwanangu, anataka namba.

"Ana kitambulisho cha taifa?"

"Hana, lakini ni mwanangu."

"Wa kumzaa?"

Hapo ndipo ningejitoa. Nikaona nikikana nitaonekana muongo, nikasema wa kumzaa.

"Kazaliwa wapi?"

Binti anatazama sakafu. Nikasema Moroni (hilo lilikuwa kweli), na dada alipokunja uso nikaeleza kwa sauti, kama mtu mwenye akili, kwamba zamani nilikuwa napeleka mchele na mbuzi Ngazija, nakaa huko miezi, na mambo ya wanaume si unayajua.

Foleni ikacheka, isipokuwa Mama Neema, Mchaga anayeuza vyombo jirani na duka langu, shoga wa mke wangu, ambaye simu ilikuwa tayari sikioni.

Kutoka Kariakoo hadi pale ni bajaji tu. Dada bado ananihoji kwa nini mtoto hana karatasi ya kwetu hata moja, mke wangu huyo, khanga kaifunga kiunoni. Hakupiga kelele, na heri angepiga. Alimsogelea binti, akamkagua pua, akamkagua masikio.

"Una miaka mingapi, mama?"

"Shikamoo. Ishirini na mbili."

"Marahaba." Akanigeukia. "Baba Salum, wakati huo mimi nanyonyesha Rukia. Uliniambia unachelewa kurudi kwa sababu mbuzi hawanunuliki."

Nikamwambia mke wangu, nadanganya.

"Unamdanganya nani, mzee," dada akauliza, "mkeo au serikali? Maana kama huyu ni mgeni mnamtafutia uraia wa mdomo, yeye anaondoka nchini na wewe unabaki na kesi."

Kesi yangu ningeijua mimi, lakini masomo ya mtoto wa watu nilikuwa nimeyachoma kwa mdomo wangu. Ndipo Moinaecha akafungua mkoba: pasipoti, kibali cha kuishi cha masomo, kibali cha kazi, barua ya chuo, na mkataba wangu niliousaini bila kuusoma.

"Dada, mimi ni mwanafunzi kutoka Komoro. Huyu ni mwajiri wangu. Baba yangu ni fundi cherehani, yuko Moroni, jina lake hilo hapo. Nilitaka kusema tangu mlangoni, nikaambiwa ninyamaze."

Dada akasoma karatasi moja moja, nami nikausoma uso wake, maana karatasi zinanishinda.

"Mzee wangu hana uhalifu, dada," mke wangu akasema. "Ana kiherehere. Nakaa nacho miaka yote."

Dada akacheka kwa pua. "Kila kitu chake kipo, mzee. Angekuja peke yake angeshaondoka." Akamchukua alama za vidole, namba ikatoka, bure kabisa. Wanawake wakatangulia kwenda kunywa soda, mimi nikabaki kwenye benchi nikivuta pumzi hadi mlinzi akaniuliza kama naumwa.

Kwa hiyo mgeni akitaka kufanya kazi afuate njia yake, kibali kisha namba, na mimi mbele ya dirisha la serikali nitasema nilichoulizwa tu. Leo nina maduka mawili ya vitenge, nyumba ya vyumba sita Mchafukoge, shamba la mikorosho Newala, gari moja bovu, watoto wanne, mke anayeniamini tena, na mfanyakazi wa Jumamosi na Jumapili ambaye hakuna mtu wa kumkamata.