Muhuri wa Kikundi

Sisi tuliokulia Kenya, barua isiyo na muhuri hatuihesabu kuwa barua. Ndiyo maana nilipoenda Mombasa likizo nilikitengenezea kikundi chetu cha wanawake cha Sparkbrook, huku kwa Waingereza, muhuri wa duara, na kama katibu nikawa naugonga kwenye kila karatasi. Muhuri huo ndio ulioniponza.

Jirani yangu, mama wa Kizanzibari, alikuwa amepanga nyumba yenye ukuta mweusi kwa ukungu, na bintiye wa miaka mitatu alikuwa akikohoa mpaka anatapika. Bungeni kulikuwa na muswada wa kumruhusu mpangaji kumshtaki mwenye nyumba kama ile. Nikamwandikia mbunge wetu apige kura ya ndiyo. Nikagonga muhuri, na kwa kujisifu kwangu nikaweka nakala kwenye ripoti ya wafadhili waliokuwa wakitulipia ukumbi.

Ofisa wao akapiga simu. Mkataba, akasema, unakataza kushawishi wabunge kuhusu sheria mahususi. Nikamuuliza maana yake nini. Akanieleza bila haraka: kusema nyumba zina ukungu, sawa. Kusema sheria za nyumba ni dhaifu, sawa pia. Lakini ukiutaja muswada wenyewe na kumwambia mbunge apige kura upande gani, umevuka mpaka. Niiondoe barua, la sivyo tupoteze ukumbi.

Yaani tuseme tunaumwa, ila dawa tusiitaje. Nilikasirika hata wali ukaungua jikoni.

Barua ya kikundi niliiondoa, maana ukumbi ule ulikuwa wa wanawake wengi, si wangu peke yangu. Kisha nikausoma mkataba mara tatu. Ulikuwa umekifunga kikundi, haukunifunga mimi. Nikakaa mezani kwangu nikaiandika barua ileile upya, muswada kwa jina lake na kura ya ndiyo, nikaweka sahihi yangu tu. Jirani naye akaandika yake.

“Shoga, bila muhuri, huyu MP ataiamini kweli?” akaniuliza.

“Tutampelekea wenyewe.”

Ijumaa tukaenda ofisini kwa mbunge. Msaidizi wake akauliza, kalamu mkononi, tunawakilisha shirika gani. Kabla sijafungua mdomo, jirani alishamkalisha bintiye juu ya meza.

“Hakuna shirika,” akasema. “Nimeleta kifua hiki. Kisikilize.”

Mtoto akakohoa. Yule msaidizi akangoja hadi kikohozi kikatulia, kisha akaandika jina la muswada kama tulivyomtajia, herufi kwa herufi.